Kumsomea Mzee Breki Njia

Alipotoka mlango wa wanaowasili hakuona kadi yoyote yenye jina lake, akajua aliyekuja kumpokea ni wa nyumbani. Mdogo wake alikuwa amesimama kando ya kundi la madereva, mikono mfukoni, shingo imenyooka kama ya mtu aliyekuja kudai haki yake. Dada yake alimwacha akivaa kaptula za shule. Sasa alikuwa na ndevu. Walikumbatiana. Kisha dada akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamtazama machoni, kwa sababu swali alilosafiri nalo angani usiku kucha hakutaka kulitoa mdomoni.

"Yupo," mdogo wake alisema. "Lakini twende."

Wakati wakivuta sanduku kuelekea kwenye maegesho alimweleza yaliyobaki. Daktari alikuja asubuhi, akakaa kidogo tu, akasema kama kuna mtoto aliye mbali basi aitwe. Mama akamjibu kwamba mtoto huyo yuko hewani tayari. Daktari akafunga mkoba wake.

Baba yao alikuwa dereva wa teksi ya uwanja wa ndege tangu ujana wake hadi miguu ilipomkatalia. Njia yake ilikuwa moja: kutoka hapa hadi lango la mji wa kale, kule ambako kila mgeni alitaka kwenda kuona majumba yenye kuta nene na vichochoro visivyopitisha gari. Madereva wenzake walimwita Mzee Breki. Wao walikwenda na kurudi yeye akiwa bado njiani na abiria yule yule. Hakujali hata kidogo. Alikuwa na imani moja ya kazi, na aliishika kama watu wengine wanavyoshika dini: abiria lazima aambiwe anapita wapi. Usipomwambia, alikuwa akisema, hujabeba mtu, umebeba sanduku lenye miguu. Kwa hiyo alitaja kila mahali, kwa vina alivyotunga mwenyewe akiwa kwenye foleni ya teksi. Hata mgeni asiyejua neno moja la lugha alitajiwa vilevile, akacheka, akafika mjini akiwa mtu.

Shule zilipofungwa alimpakia binti yake kiti cha mbele. Binti akaikariri njia yote, akapewa jina la Kondakta. Alikuwa akipiga magoti juu ya kiti na kugeukia nyuma, akiwatangazia wageni wenye kofia kubwa na pua zilizoungua jua:

*Ndege imekwisha tua,*
*njia sasa twaijua.*

Baadaye Kondakta naye alipanda ndege. Alikwenda nchi ya watu kufua mashuka ya hoteli, akisema atarudi baada ya mwaka, na nchi ya watu ikamshika kwa makaratasi. Kila alipokaribia kuondoka palikuwa na karatasi moja imepungua. Safari hii alikuja bila kungoja karatasi. Aliacha kila kitu kikining'inia huko nyuma, apate kukaa na baba yake, amshike mkono angali anaujua ni wa nani. Hakuwa na haja nyingine.

Gari lilikuwa la mdogo wake, jeupe, dogo, simu imebandikwa mbele ya usukani. Naye alikuwa dereva, ila wa kizazi kinachoitwa kwa simu, na Baba hakumsamehe kwa hilo. Siku za kawaida alimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yake. Siku za hasira alimwita dereva wa kuamrishwa, maana kila kona humngoja mwanamke aliye ndani ya simu amwambie kata kushoto.

Kitinda aliketi, akafunga mlango, wala hakuwasha gari.

"Dada, kuna jambo. Barabara mpya imefunguliwa."

"Niliona picha zake."

"Baba hajui."

Akamsimulia, akitazama mbele muda wote. Barabara mpya ilikuwa adui wa Baba tangu siku wapimaji walipopigilia vigingi vyao. Alikwenda kwenye mkutano wa wananchi akiwa amevaa koti lake la kazi, akasimama, akawaambia wahandisi kwamba barabara inayopaa juu ya watu bila kusalimia mtu ni bomba, na abiria si maji. Watu walimpigia makofi. Wahandisi wakamshukuru kwa maoni yake, wakajenga. Kisha miguu ikamwacha, macho yakafuata. Siku aliposikia kwamba nguzo zimefika kwenye reli aligeukia ukutani, akakataa chakula, akakataa maji.

Ndipo Mama, ambaye aliwahi kuwachapa watoto wake kwa uongo mdogo kuliko huo, akasema kwamba mkandarasi ametoroka.

Baba akaomba aketishwe. Akaomba chai. Akataka aambiwe tena tangu mwanzo, ametoroka vipi. Tangu siku hiyo mkandarasi hakupumzika. Mara mvua imezoa nguzo zake, mara nondo zimeibwa, mara kaletwa mkandarasi mwingine naye amekamatwa mpakani kajificha kwenye lori la vitunguu. Baba alicheka mpaka akakohoa. Majirani waliokuja kumjulia hali walisimamishwa kwanza chini ya ngazi, Mama akawapa habari za ujenzi za siku hiyo, ndipo wakapanda.

"Basi tupite ya zamani," dada alisema.

"Haipo. Mpya imeilalia. Kipande kilichobaki kimekatwa pale relini, wameweka ukuta."

Simu ya dada ikalia. Alikuwa Mama. Alisema Baba hajalala tangu mchana, anauliza kama ndege imetua. Alisema ana ombi moja tu: Kondakta amsomee njia. Anataka awe anajua wamefika wapi.

Dada alimtazama mdogo wake. Mdogo wake aliwasha gari, dada akafungua spika, na huko nyumbani Mama akaisogeza simu kwa Baba.

"Kondakta."

Sauti ilikuwa nyembamba, kama imepenyezwa chini ya mlango. Dada alifumba macho.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nani ameshika usukani?"

"Kitinda."

"Basi funga mkanda."

Kwa nyuma Mama alisikika akicheka, kicheko kikavunjika katikati. Baba akavuta pumzi, akaitafuta nyingine. "Haya," alisema. "Soma."

Gari lilipanda mteremko wa zege, likaingia barabara mpya. Kulia ukuta, kushoto ukuta, juu anga tupu. Hapakuwa na kitu cha kusoma isipokuwa mistari myeupe iliyokimbilia chini ya magurudumu. Dada alifungua mdomo, akaogopa kwamba hakitatoka kitu. Kikatoka.

"Tumetoka getini, Baba. Mikaratusi kushoto."

"Bado inajichuna magome?"

"Inajichuna. Yamejaa chini."

"Hawafagii wale," Baba alisema, ameridhika.

Akamsomea ile mikaratusi mpaka ikaisha. Akamsomea kisima cha pampu na foleni ya madumu. Alipofika kiwandani alianza ubeti kama zamani, polepole, akimwachia nafasi:

*Kulia kwetu kiwanda,*

na ule uzi wa sauti ukajibu kutoka kitandani,

*sabuni humo yavunda.*

"Funga dirisha," Baba akaongeza. Dada akabonyeza kitufe, kioo kikapanda kwa mlio mdogo, ingawa nje hapakuwa na harufu yoyote. Alitaka Baba asikie. Kisha akaendelea: mzunguko wa saa iliyokufa, kituo cha mafuta, zahanati ya wakunga.

"Umeruka."

"Nimeruka nini, Baba?"

"Soko la mbao. Watu wanafanya kazi pale, mwanangu. Huwezi kuwaruka watu wanaofanya kazi."

Kitinda alitoa mkono mmoja kwenye usukani, akaelekeza chini, nje ya ukuta. Dada alinyanyua shingo. Pale palipokuwa na misumeno na vumbi la manjano zilisimama nguzo za zege, moja nyuma ya nyingine, nene, kila moja na kivuli chake. Wale watu walikuwa wamerukwa kweli. Alihisi hasira ikimpanda, mbichi, kama vile soko lilikuwa la baba yake na limevunjwa leo asubuhi. Akatoa sauti ile ile ya mtoto aliyepiga magoti kitini:

*Soko la mbao kushoto,*
*vumbi jingi, jua moto.*

Walimsikia Baba akipumua, na pumzi ilikuwa ndefu kidogo kuliko ya kwanza. Dada aligundua jambo hapo. Baba alikuwa akitembea kutoka mahali hadi mahali. Alifika, akapumzika, ndipo akawa na nguvu ya kuomba pengine.

"Reli," Baba alisema.

"Ndiyo tunaikaribia."

"Saa hizi mizigo inapita. Kizuizi kiko chini. Msikipite pembeni kama vichaa."

"Kiko chini, Baba. Tumesimama."

Hawakusimama. Kitinda alikuwa akienda kasi ambayo Mzee Breki hakuifikia maisha yake yote, na mbele yao yalionekana malango ya kulipia. Gari lilipopita chini ya lango, kifaa kilichobandikwa kwenye kioo kililia.

"Nini hicho?"

"Honi ya treni," Kitinda alisema haraka.

"Treni gani inalia kama kifaranga?"

"Ni mpya hizi, Baba."

"Hata treni wameihasi," Baba alisema, akanyamaza angojee mabehewa yapite.

Katika ukimya huo walisikia nguo zikichakarisha, hatua, kisha sauti ya Mama karibu sana na simu. Alikuwa ameichukua na kusogea dirishani. "Mwanangu, rangi yake si yake. Vidole vimepoa. Fanyeni haraka." Kisha hatua tena, na simu ikarudishwa juu ya mto, kando ya kichwa cha Baba.

Dada alizima maikrofoni ya simu yake, wasisikike kule.

"Namwambia tumefika," alisema. "Namwambia tuko langoni, baada ya dakika chache niko naye."

"Tumefikaje upesi hivi, kama si kwa barabara mpya? Juzi tu kaambiwa mkandarasi yuko jela. Umwambie Mama amemdanganya muda wote huu? Aende na hilo?"

"Aende na hilo akiwa ameushika mkono wangu."

"Wewe hukuwepo," Kitinda alisema. Hakupaza sauti. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, aliyaacha yaingie kwenye ndevu. "Hukumwona alivyogeukia ukuta. Mimi nilimwona. Mguu, macho, kazi, vyote vilimtoka akakaa kimya. Amebaki na hiyo njia tu, dada. Usimvunjie."

Ni kweli dada hakuwepo. Akafikiri upesi, kama mtu anayefunga mzigo treni ikiondoka. Ikiwa Baba anaishi kutoka mahali hadi mahali, basi njia isiishe. Ataisoma taratibu, ataitandaza, na mwisho wake atausoma akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Atafika kwa mdomo na kwa mwili kwa wakati mmoja. Akawasha maikrofoni.

"Mabehewa bado yanapita, Baba. Siuoni mwisho wake."

"Vizuri," Baba alisema. "Subirini. Mimi nipo."

*Reli hii ina wivu,* dada alimsomea, na Baba akaumalizia midomoni tu, bila sauti, lakini Mama aliiona midomo yake na baadaye aliwaambia kwamba aliumaliza: *hupisha wavumilivu.*

Barabara mpya iliwatapika kwenye lango la mji wa kale. Vyuma vimesimikwa pale, gari haliendi mbele. Kitinda alimfungulia mlango, akamwonyesha kwa kidole: kimbia, sanduku nitaleta. Dada akavua viatu, akavishika kwa mkono mmoja, simu sikioni kwa mkono mwingine.

Alikimbia juu ya mawe aliyoyajua kwa nyayo. Fundi cherehani aliyekuwa amekaa mlangoni pake alimtambua, akapanua mikono amsalimie. Dada akatikisa kichwa, akaielekeza simu. Fundi akaelewa papo hapo, akaondoa mguu kwenye cherehani. Mbele yake mtu akazima redio. Mfua vyuma akaacha nyundo hewani. Mwanamke aliyekuwa akimgombeza mwanawe akamziba mtoto mdomo, kisha akajiziba wake. Mtaa mzima ulikuwa umefunzwa kuulinda uongo ule, na ukaulinda: kichochoro kilinyamaza kipande kwa kipande kadiri alivyopita, wote wamesimama wakimtazama akikimbia miguu mitupu na kunong'ona juu ya mahali asipokuwepo.

"Tumevuka reli, Baba. Tumeanza kupanda mlima."

"Mbona unahema?"

"Gari la Kitinda halina nguvu. Tunalisaidia kwa pumzi."

Kikatoka kitu kama kicheko. "Nilimwambia asinunue dogo."

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na giza baridi lile lile, harufu ya chokaa na nguo zilizopigwa pasi. Mbele yake ngazi za mbao zilipanda moja kwa moja hadi chumba cha Baba. Ngazi zile zilikuwa na midomo. Kila aliyekulia humo alijua kwamba ukizikanyaga katikati zinapiga kelele nyumba nzima, na Baba, hata usingizini, alikuwa akimtambua mtu kwa mlio wa ngazi. Dada aliweka mguu pembeni kabisa, mahali mbao inapoingia ukutani.

"Mmefika kona?" Baba aliuliza. Sasa dada alimsikia mara mbili, simuni na kwa mbali juu ya kichwa chake.

Alijua kona gani. Juu ya mlima njia ya zamani ilipinda, na kwenye kona hiyo mji wa kale ulijitokeza wote kwa mara moja, mapaa na minara na moshi wa jioni. Hapo Baba alisimamisha gari na kuzima injini. Mahali pekee katika njia yote palipokosa ubeti palikuwa hapo. Mtoto aliyesema neno alifinywa sikio. Mgeni aliachwa atazame. Wengine walitazama kidogo, wengine mpaka wakalia. Baba hakumharakisha yeyote, hata foleni ya magari ikimpigia honi nyuma. Alikunja mikono akangoja, mpaka abiria mwenyewe aseme twende.

"Tumefika kona, Baba."

"Kitinda. Zima."

Chini barabarani Kitinda alikuwa akihangaika na sanduku. Hakusikia.

"Amezima," dada alisema.

"Mwache atazame. Katoka mbali." Pumzi ikaja, ikakwama, ikapita. "Tazama, mwanangu. Nakungoja."

Dada akanyamaza, kwa kuwa hapo pananyamaziwa. Akapanda. Ngazi moja, ukutani, uzito wote kwenye vidole. Akasikiliza. Juu kimya. Nyingine. Angeweza kupanda mbio zote kwa pumzi tatu, mbao zipige kelele, Baba ajue yumo ndani ya nyumba, na ajue kwamba wamemdanganya. Hakukimbia. Alimpa baba yake ukimya wake aliouomba, akampa wote, akipanda kama mwizi katika nyumba yao wenyewe, akilipanga neno moja kinywani ili alitoe mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Baba.

Alisukuma mlango.

Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda, simu kaiweka juu ya mto karibu na sikio la Baba. Aligeuka. Uso wake ulifunguka alipomwona binti yake, lakini hakuinuka. Aliweka kidole midomoni. Akamwonyesha Baba kwa kichwa, kwa lile tabasamu la mke anayejua vituko vya mumewe: bado anakungoja utazame.

Baba alikuwa ameelekeza uso dirishani, mikono imekunjwa juu ya kifua.

Dada alipiga magoti. Aliuchukua mkono mmoja, mkavu, wenye sugu ya usukani chini ya kila kidole. Ulikuwa na joto bado.

"Twende, Baba," alisema.

Aliposema hivyo simu iliyo juu ya mto nayo ikasema twende, Baba. Mkono haukukaza. Alingoja. Mama naye alingoja, kidole chake kikiwa bado midomoni, na walikaa hivyo wote wawili, watulivu, wakimheshimu, kabla Mama hajamwinamia mumewe na kuweka shavu lake karibu na pua yake.

Chini, ngazi zilianza kupiga kelele. Kitinda alikuwa anapanda katikati kabisa ya mbao, sanduku likigonga ukuta kila daraja, kwa sababu sasa dada amekwisha ingia na hapana tena cha kuficha. Alikuwa akitangaza kwa sauti kubwa, sauti ya furaha, ile ambayo alikuwa ameibana kutoka uwanja wa ndege.

"Mzee Breki, tumefika. Na sijagonga mtu."

Akatokea mlangoni na sanduku begani. Hakuna aliyemwambia. Alitazama kidole cha Mama kikishuka polepole kutoka midomoni, akalishusha sanduku sakafuni kwa uangalifu mkubwa, kama lina vioo.

Simu mbili zilizokuwa bado zimeunganishwa katika chumba kimoja zikaanza kusikiana. Mlio mwembamba ukatoka kwenye mto, ukaingia kwenye mkono wa dada, ukarudi kwenye mto ukiwa mkali zaidi, ukapanda mpaka ukajaza chumba na kutoka dirishani, huko chini ambako mtaa ulikuwa bado umenyamaza.

"Kata simu, mwanangu," Mama alisema.

Kidole gumba cha dada kilikuwa tayari juu ya kitufe chekundu. Kikakaa hapo hapo.